Anza na Karatasi: Hotuba kwa Wanaotaka Kupiga Picha kwa Kamera Kubwa ya Filamu

Waheshimiwa wazee wetu, walimu wangu, na ninyi vijana mlioacha shughuli zenu za alasiri mkaja kunisikiliza hapa Mji Mkongwe, Assalaamu alaykum.

Nimeombwa nieleze jinsi mtu anavyoweza kuanza kupiga picha kwa kamera kubwa ya filamu, yaani ile kamera ya mivukuto ambayo mpigapicha hujifunika kitambaa cheusi kichwani kabla ya kuitumia, na ambayo filamu yake haikuviringishwa kwenye kigurudumu bali huwekwa jani mojamoja. Nitataja msimamo wangu mapema, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kutayarisha hoja yake. Anayeanza kazi hii asianze na filamu. Aanze na karatasi, ile karatasi ya picha inayotumika kuchapia katika chumba cha giza; aikate, aitie ndani ya kamera mahali pa filamu, na asifungue boksi la filamu mpaka awe amekwisha kuharibu karatasi hamsini.

Najua neno hilo halitawafurahisha wale ambao tayari wameagiza filamu kutoka nje na wanaitazama kila siku ndani ya friji. Hata hivyo, negativu ya karatasi, yaani picha ya kinyume ambamo cheupe hutoka cheusi na cheusi hutoka cheupe, si kazi ya kitoto wala si ufukara. Mwingereza William Henry Fox Talbot alipoipiga picha ya dirisha la nyumba yake huko Lacock mwaka 1835, aliipiga kwenye karatasi. Na katika miji yetu ya Afrika Mashariki walikuwapo wapigapicha wa barabarani wenye kamera za sanduku, ambao karatasi na dawa vyote vilikuwa mle mle ndani ya sanduku. Fundi aliingiza mkono kupitia soksi ya kitambaa cheusi, akasafisha negativu kwa kupapasa, kisha akaipiga picha negativu yenyewe ili apate sura halisi, na mteja akaondoka na picha yake ingali mbichi. Hapa Unguja kazi ya studio ni kongwe zaidi: Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio yake tangu karne ya 19, zama za vioo badala ya filamu, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Kwa hiyo mtu asije akawaambia kwamba mnaiga mambo ya Ulaya.

Kamera yenyewe haina siri. Mbele pana ubao unaoshika lenzi, nyuma pana fremu inayoshika kioo chenye ukungu, na katikati pana mivukuto kama ya mhunzi, ila hii haipulizi moto, inazuia mwanga. Shata, yaani kilango kinachoruhusu na kuzuia mwanga, kwa kawaida imo ndani ya lenzi, na nyingi kati ya hizo hazihitaji hata betri. Ukifungua lenzi, taswira huanguka juu ya kile kioo ikiwa imepinduka, miguu juu na kichwa chini, kulia kwake kukiwa kushoto. Macho huizoea baada ya wiki moja au mbili. Kitambaa cha kujifunika hakihitaji kununuliwa popote; changu cha kwanza kilikuwa buibui kuukuu la marehemu mama yangu, nililolikunja mara mbili, na kwa miezi mingi kila nilipoingia chini yake kutafuta fokasi, yaani pale taswira inapokuwa kali, nilikuwa navuta harufu ya udi.

Ukubwa unaowafaa ni inchi 4 kwa 5. Eneo la jani moja la kipimo hicho ni zaidi ya mara kumi ya picha moja ya filamu ya kawaida, ambayo ni milimita 24 kwa 36, na hapo ndipo unapotoka ule uwazi unaomfanya mtu ahesabu nyuzi za kofia ya viua katika picha. Kuna watakaowashawishi mnunue ya inchi 8 kwa 10. Nawaomba msubiri, kwa sababu jani lake moja ni sawa na majani manne ya 4 kwa 5, na kila kosa litawagharimu vivyo hivyo. Lenzi iwe moja tu, ya milimita 150 (huo ndio umbali wake kutoka kwenye jani inapotazama kitu cha mbali), ambayo kwa kipimo hiki huona takriban kama jicho linavyoona. Mkipata kamera iliyotumika, kama zile Graflex walizokuwa wakizibeba waandishi wa habari wa Marekani, au zile nyepesi za mbao zinazotengenezwa na Intrepid wa Brighton, ingieni nayo chumba chenye giza, tieni tochi ndani ya mivukuto, na mtazame kwenye pembe za mikunjo: kila nyota mtakayoiona ni tundu. Tochi hiyo hiyo imulikeni ndani ya lenzi mtafute kuvu, kwani unyevu wa pwani hauna huruma na kioo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike msimamo wa karatasi, nalo ni mpangilio wa mikono.

Karatasi au filamu huingia kwenye kamera ikiwa ndani ya holda, yaani kibao bapa chenye majani mawili, moja kila upande, na kila upande una kifuniko chake cha kuvuta. Kifuniko hicho kina ukingo wenye rangi mbili: kwa desturi, upande mweupe ukitazama nje maana yake jani bado halijapigwa, na mweusi maana yake limekwisha kupigwa. Mpangilio ni huu: unafungua lenzi, unatafuta fokasi kwenye kioo, unaifunga lenzi, unapunguza tundu lake mpaka namba unayoitaka, unaikoki shata, yaani unaikaza iwe tayari kupiga, unaingiza holda, unavuta kifuniko kilicho upande wa lenzi, unapiga, unarudisha kifuniko ukiwa umekigeuza upande mweusi nje. Ukisikia hivi unaona ni jambo jepesi. Ngojeni niwape habari yangu.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilimwomba mzee mmoja, fundi wa kuchonga milango, anikubalie nimpige picha mbele ya karakana yake. Nilikuwa na holda mbili tu, kwa hiyo nafasi nne, na zote zilikuwa na filamu ya kununua. Mzee alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akaketi kwenye kigoda, mkono mmoja juu ya nyundo yake ya mbao. Nilitafuta fokasi vizuri sana, nikaingiza holda, nikavuta kifuniko, na hapo hapo nikasikia kimya ambacho mpaka leo nakijua: lenzi ilikuwa bado wazi. Jani la kwanza likaenda. La pili nililipiga sawasawa, lakini nilirudisha kifuniko upande mweupe ukiwa nje, na kwa kuhangaika nikamwambia mzee tupige tena, nikalipiga lile lile mara ya pili. La tatu nilivuta kifuniko cha upande wa nyuma, wa kwangu, badala ya upande wa lenzi. Mzee alinitazama, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, chombo hiki ni chako au umeazima?” Jani la nne lilitoka, ingawa lina giza, na ninalo. Ile iliyopigwa mara mbili pia ninalo: mzee ana vichwa viwili na nyundo tatu, maana nyundo moja aliisogeza wakati wa mapigo.

Ile siku ingekuwa ya karatasi, ningekuwa nimepoteza kipande kinachopatikana kwa kukata jani la inchi 8 kwa 10 mara nne, na ningerudi nyumbani kukata vingine. Vipunguzeni milimita mbili hivi kila upande, la sivyo havitaingia kwenye holda. Tena karatasi hukatwa na kupakiwa chini ya taa nyekundu, kwa hiyo macho yanaona mikono inachofanya, na mikono inajifunza kabla ya kuachwa peke yake gizani.

Karatasi ni nzito wa kuona. Wepesi wake wa kupokea mwanga, kwa kipimo cha ISO, ni kama 6, ilhali filamu ya kawaida ni 100 au 400. Kwetu sisi hiyo si hasara, kwa kuwa jua tunalo, na uzito huo unaturahisishia hesabu. Ile kanuni ya zamani inasema kwamba kwenye jua kali, tundu la lenzi likiwa f/16 (namba ikikua, tundu hupungua), muda ni sekunde moja kugawanywa kwa wepesi wa filamu. Basi kwa karatasi ya 6 ni sehemu ya sita ya sekunde, kwa f/22 ni theluthi moja, na kwa f/32 ni theluthi mbili. Kivulini penye anga wazi zidisha mara nane. Ansel Adams, alipoukuta mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez huko New Mexico mwaka 1941, alikosa kipimamwanga chake katika pilikapilika, akakumbuka ung’avu wa mwezi kwa namba na akakadiria kutokana na huo. Alipogeuza holda apige jani la pili, mwanga ulikuwa umeshaondoka kwenye misalaba ya makaburi. Yeye alikuwa na namba ya mwezi kichwani. Ninyi jifunzeni namba ya jua la saa tatu asubuhi kwenye uchochoro wenu na ya kivuli cha saa kumi alasiri, na kipimamwanga mtakinunua baadaye.

Kuipata namba hiyo kunahitaji kipande kimoja tu cha karatasi. Vuteni kifuniko chote, mpige sekunde moja. Rudisheni kifuniko robo, mpige tena sekunde moja. Kirudisheni hadi nusu, mpige mbili. Kisha robo tatu, mpige nne. Mkikisafisha mtaona mistari minne iliyopata sekunde moja, mbili, nne na nane, na mmoja kati yake utawaambia ukweli. Mkisogea karibu na mtu, kumbukeni kwamba mivukuto ikirefuka mwanga hupungua: lenzi ya milimita 150 ikivutwa mpaka milimita 210 kutoka nyuma, mwanga unaofika ni kama nusu, na muda uongezwe mara mbili.

Kuna jambo la rangi ambalo vitabu vingi vya wageni hulipita haraka, nami sitalipita. Karatasi huona buluu, na kwa aina nyingine kijani kidogo, lakini nyekundu haioni kabisa, ndiyo maana taa nyekundu haiidhuru. Matokeo yake, kila chenye wekundu huwa cheusi. Nilimpiga picha dada yangu amejitanda kanga nyekundu yenye jina lililoandikwa kwa wino mweusi, na nilitaka jina lisomeke. Ilipotoka, kanga ilikuwa nyeusi yote, jina limezama, na mtu asingejua kama ile ni kanga au shuka la msibani. Ngozi zetu nazo zina wekundu na hudhurungi ndani yake, kwa hiyo karatasi huzifanya nyeusi kupita zilivyo na hula maumbo ya uso. Dawa yake ni mwanga. Mkalisheni mtu mlangoni, kwenye kivuli chenye anga kubwa mbele yake, mtandike shuka jeupe magotini au chini mbele yake ili limrudishie mwanga chini ya macho na kidevuni, na mwongeze muda mara moja na nusu ya ule mliouona kwenye ukuta mweupe nyuma yake. Jua la saa sita lisitumike kwa uso wa mtu; karatasi ni kali wa weusi na weupe, na jua hilo ni kali zaidi. Kama mnatumia karatasi ya madaraja mengi, yaani ile ambayo ukali wake hubadilika kwa rangi ya mwanga, kichujio cha manjano mbele ya lenzi hupunguza ukali huo, ingawa hula mwanga kidogo.

Na kwa kuwa mtu atakaa theluthi moja ya sekunde au zaidi bila kutikisika, apewe kiti chenye mgongo. Kati ya kutafuta fokasi na kupiga, watu husogea mbele kwa adabu, kama vile wanataka kukusikia, na sentimita tatu zinatosha kuyahamisha macho nje ya fokasi. Mimi hufunga uzi kwenye stendi, wenye fundo mahali paji la uso lilipokuwa wakati wa fokasi. Kabla ya kupiga namwomba ausogelee fundo, kisha naushusha uzi. Watoto hulipenda zoezi hilo kuliko picha yenyewe.

Kuhusu kusafisha, nitakuwa mfupi mahali ambapo maelekezo ya kwenye chupa yanatosha. Mabeseni matatu: dawa ya kuonyesha picha, maji au siki nyepesi ya kuizuia, na dawa iitwayo haipo (hypo), ya kuifanya isififie; baada ya hapo maji mengi. Mabeseni hayo yasirudi jikoni, hata bibi akiyaulizia. Bafu la nyumbani usiku linatosha kuwa chumba cha giza, na umeme ukikatika mtaani, wenzenu wanalalamika nanyi mmepata giza la bure, mradi taa yenu nyekundu iwe ya betri.

Joto ndilo adui wetu halisi. Dawa zimeandikiwa nyuzi 20, na maji ya tangi lililoanikwa juu ya paa mchana hayako karibu na nyuzi 20 hata kidogo. Karatasi husamehe, lakini filamu ikiingia kwenye dawa ya nyuzi 30 husafika mbio, bila usawa, na utando wake, yaani ile ngozi inayopokea mwanga, hulainika kiasi cha kuchubuliwa na kucha. Wekeni jagi la dawa ndani ya ndoo ya maji, mtie barafu ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa ili ikiyeyuka isiingie kwenye dawa, na kipimajoto kisitoke humo. Maji ya kuzuia, haipo na maji ya kuoshea yawe karibu na joto hilo hilo, kwa sababu kuitoa filamu kwenye baridi na kuitupa kwenye vuguvugu ndiko kunakoikunja ngozi yake.

Nimesema kamera hii ina sehemu ya mbele na ya nyuma; kila moja huenda kivyake, na hapo pana utamu ambao kamera ya simu haina. Nilisimama Forodhani mbele ya Beit al-Ajaib, jengo lililojengwa mwaka 1883, kabla sehemu yake haijaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ukiielekeza kamera juu ili uupate mnara, nguzo zote huegemeana kama walevi. Badala yake niliiacha kamera wima, nikaihakikisha kwa pimamaji la fundi mwashi, kisha nikaupandisha ubao wa lenzi peke yake kwa sentimita tatu hivi. Lenzi hutupa duara la picha kubwa kuliko jani, kwa hiyo kuipandisha ni kuchagua sehemu nyingine ya duara hilo: bustani ikapungua chini, mnara ukaingia, na nguzo zikabaki wima kama zilivyojengwa. Kuinamisha lenzi ili sakafu yote iwe kwenye fokasi, kwa kanuni inayoitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug wa Austria, ni somo la siku nyingine; mwenye kujua kupandisha anatosha kwa mwaka mzima.

Zile karatasi hamsini zikiisha, fungueni filamu. Filamu ya kawaida huona rangi zote, hivyo hupakiwa gizani kabisa. Ina vikato pembeni: jani likisimama kwa urefu na vikato vikiwa pembe ya juu kulia, chini ya kidole chako, upande wa utando unakutazama wewe. Toeni jani moja sadaka, mfanye mazoezi nalo mchana, kisha macho yamefumbwa, kisha gizani. Boksi likitoka kwenye friji likae saa kadhaa bila kufunguliwa, la sivyo umande utaota juu ya filamu. Mkisafiri nalo kwa ndege, ombeni likaguliwe kwa mkono, na mwandike juu yake kwa herufi kubwa kwamba lisifunguliwe. Mimi niliandika kwa herufi ndogo, afisa mmoja wa uwanja mmoja wa ndege, ambaye alikuwa mtu mwema na mdadisi, alifungua vifuniko vyote vitatu, akachungulia, akaniambia, “Mbona hamna kitu?” Kwa kweli baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Kati ya karatasi na filamu kuna daraja ambalo wengi wenu mnaweza kulipata hapa hapa, nalo ni filamu ya eksirei. Aina ile inayopokea kijani hustahimili taa nyekundu hafifu, huwa na wepesi wa karibu 80 hadi 100, na hukatwa kwa mkasi. Nyingi zina utando pande zote mbili, kwa hiyo hukwaruzika hata kwa kutazamwa vibaya; zisafisheni mojamoja kwenye beseni lenye kioo safi chini yake. Nayo ni kipofu wa nyekundu, kwa hiyo yale niliyosema kuhusu kanga na ngozi yanabaki.

Kamera yangu imesimama pale mlangoni, holda tatu zina karatasi, na saa kumi na nusu kivuli cha ukuta ule kitakuwa kimefika barazani. Nahitaji mtu mmoja wa kuketi na mmoja wa kushika uzi. Yule aliyeniuliza tangu mwanzo kama kamera hii inapiga picha za rangi, njoo wewe uwe wa kwanza kuingia chini ya buibui.